Kuacha Dawa za Presha Kwahitaji Daktari



Mimi ni afisa habari, si tabibu. Ninayoyasema nimeyapata kwa waganga wetu, na mengine nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo alipimwa akakutwa na 120 kwa 80. Akafurahi, akajiona amepona, akavifungia vidonge kabatini bila kumwambia mtu. Hakujua kuwa vidonge hivyo ndivyo vilivyoishusha presha yake. Nayo ilipopanda tena hakusikia hata kizunguzungu. Jirani ndiye aliyemshurutisha kurudi kliniki. Akakutwa na 180 kwa 110. Wengine hugundua siku ya kiharusi.

Mtaani husemwa kwamba ukizianza dawa hizi huziachi mpaka kaburini. Hilo nalo si kweli, na huwatisha watu bure. Aliyepunguza uzito, akashusha chumvi chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, huweza kupunguziwa dozi, na baadhi huachishwa kabisa. Lakini anayeamua ni daktari, kidogo kidogo, huku presha ikipimwa kwa majuma na miezi. Dawa kama propranololi ikikatizwa ghafla, moyo huweza kwenda mbio na presha kuruka.

Ikiwa amlodipini inawavimbisha miguu, au fedha ya dawa imekosekana, semeni kliniki bila haya, dawa hubadilishwa. Nendeni zahanati ya kata, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke mkielekezwa huko, mkiwa na daftari la vipimo na dawa zote mnazotumia, za kienyeji zikiwemo.