Kujifunza Gitaa Ukubwani: Usilirudishe Mapema

  

Leo nina neno na wewe uliyevuka miaka 30, 40 au hata 50, ukaazima gitaa la kwaya, ukapiga wiki mbili, kisha ukalirudisha. Watu walikuambia, "Mzee, gitaa la nini sasa? Hilo ni la watoto." Ukanyamaza, ukaliacha. Nakuomba ulichukue tena. Nitakueleza namna ya kuendelea bila kukata tamaa.

Tuanze na vidole, maana ndipo wengi wanaposhindwa. Ncha za vidole kuuma ni kawaida. Nyuzi nyingi ni waya, na jembe hukomaza kiganja, halikomazi ncha za vidole. Ukipiga kidogo kila siku, baada ya wiki chache ngozi inakuwa ngumu na maumivu yanapungua. Bonyeza uzi karibu na kile chuma chembamba cha shingoni, nyuma yake kidogo. Hapo hauhitaji nguvu nyingi. Kidole kikianza kuwaka, pumzika. Kikitoa lengelenge, usilitumbue.

Pili ni muda. Dakika 15 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumapili peke yake. Vidole hukumbuka kile kinachorudiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tunaopanga foleni ya mgao, kibaba tunakijua. Kama gitaa ni moja na nyinyi ni wanane, pangeni zamu. Siku isiyo yako, chukua kipande cha ubao, chora mistari sita, kisha zoeza vidole kuhama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine. Hakitatoa sauti, lakini mkono unajifunza.

Tatu, usianze na sebene! Chagua wimbo mmoja wa polepole unaoujua tangu nyumbani. Nyimbo nyingi za kanisani na za rumba zinatembea juu ya Do, Fa na Sol tu. Wewe anza na mbili, Do na Sol. Mwenzako akushikie saa ya simu dakika moja, uhesabu umehama mara ngapi bila kukosea. Andika kwenye karatasi. Leo mara 6, wiki ijayo labda mara 11. Siku moyo ukisema "sijaendelea," fungua karatasi hiyo, iuambie moyo ukweli.

Utaniambia, "Mabingwa walianza wakiwa wadogo." Kweli. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza akiwa mtoto, na gitaa lake la kwanza lilikuwa la kujitengenezea. Alilipiga sokoni Kinshasa, pale mama yake alipouza maandazi. Lakini mtoto anakuzidi nini hasa? Hana aibu. Anapiga vibaya mbele ya watu na halali na mawazo. Nawe unamzidi jambo moja: masikio yako yamesikiliza muziki miaka mingi, unajua wimbo unakwenda wapi kabla mkono haujafika.

Kumbuka pia Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye nyimbo zake alizoimba kwa Kiswahili zilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Mkono wake wa kulia ulitumia hasa kidole gumba na cha shahada. Vidole viwili tu, na ukimsikia utadhani wanapiga watu wawili.

Sasa nifike kwenye lile linalotuzuia zaidi. Hapa kambini tumezoea kungoja. Tunangoja mgao, tunangoja usaili, tunangoja jina ubaoni. Mtu anasema, "Nitajifunza nikishajua naenda wapi." Mwaka unapita, wa pili unapita, na mtoto aliyezaliwa hapa ameanza shule. Ndugu yangu, muda huu wa kungoja nao ni maisha yako, unahesabiwa. Ukirudi Fizi au Rumonge, ukipelekwa ng'ambo, au ukibaki hapa hapa, gitaa la kwaya utaliacha, lakini wimbo uliokwisha kuingia vidoleni utaondoka nao, na hauongezi uzito wa mzigo.

Zitakuja siku za kukosa: malaria, foleni ya maji, habari mbaya kutoka nyumbani. Siku hizo usijilaumu, na kesho yake usipige mara mbili ili kulipa deni. Anza tu ulipoishia. Na kama wimbo fulani unakuletea picha nzito za kule tulikotoka, uweke pembeni, chagua mwingine. Kama unaweza, zungumza na mtu unayemwamini.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: tafuta mwenzako mmoja, elewaneni saa, pigeni dakika 15 kila siku hadi tukutane tena. Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kupatanisha nyuzi sita kwa kusikiliza tu, bila mashine. Uje na gitaa lako, au na ubao wako.