Beringi ya Gurudumu Hujeruhiwa Gereji: Mada kwa Mafundi wa Magari ya Utalii na Abiria, Arusha

Nitaanza na msimamo wangu ili tuupime pamoja: naamini sehemu kubwa ya beringi za gurudumu zinazofia njia ya Ngorongoro na Serengeti zilijeruhiwa gereji, siku zilipofungwa. Barabara ilimalizia tu. Dereva hulaumu vumbi, mwenye gari hulaumu duka la spea, na fundi hulaumu bidhaa feki. Feki zipo, na Tume ya Ushindani ina kazi ya kuzikamata chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Lakini hata beringi halisi, ikipigwa nyundo mahali pasipostahili, haimalizi msimu.

Mazingira yetu ni magumu, na hilo tulikubali kwanza. Gari linatoka mjini kwa lami, linapita Makuyuni na Mto wa Mbu, linapanda Karatu hadi lango la Lodoare, na hapo lami inaisha. Kuanzia hapo ni vumbi na mikunjo ya barabara kwa saa nyingi. Vumbi la nyanda za Ndutu na Naabi lina majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai: ni laini kiasi cha kupenya sili iliyochoka, na ni kali kiasi cha kusaga chuma. Kushuka kreta ni kama mita 600, mguu ukiwa kwenye breki. Habu inapata moto, grisi inalegea, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoka. Gari likitumbukia kijitoni likiwa bado la moto, hewa iliyobaki inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Kwa hiyo sili mbovu haivujishi grisi pekee, inakaribisha maji ndani. Huku Meru, Canter zinazoshusha nyanya kutoka Ngarenanyuki kwenda soko la Kilombero zinakutana na hali hiyohiyo kila masika, tena zikiwa zimebeba kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye Land Cruiser za ekseli nzima, kwa kuwa ndizo zinazolisha gereji nyingi za mji huu. Habu ya mbele ina beringi mbili za rola za koni, kubwa ndani na ndogo nje. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi ya aina hii mwaka 1898, na sababu yake ni ileile inayotuhusu leo: gari linapokata kona, gurudumu linasukumwa pembeni, na rola iliyolala mshazari inabeba uzito wa juu na msukumo wa pembeni kwa pamoja. Ila ina sharti moja. Koni mbili zinatazamana, na nati ndiyo inayoamua zibanane kiasi gani. Zikilegea, gurudumu linacheza na rola zinagonga. Zikibanwa mno, zinaungua.

Kazi inaanza kwenye kikombe, ile pete ya nje inayokaa ndani ya habu. Kikombe na koni hubadilishwa pamoja, kutoka boksi moja. Fundi anayeacha kikombe cha zamani kwa sababu "bado kinang'aa" anaipa rola mpya njia iliyokwisha kulika. Kuingiza kikombe, tumia presi. Kama haipo, chukua kikombe cha zamani, kisage kidogo ubavuni kisinase, kitumie kusukumia kile kipya kikiwa kimelala sawa. Tindo inakwaruza na kukiingiza upande. Kikifika mwisho mlio wa pigo hubadilika na kuwa mzito. Usiamini sikio peke yake: pitisha kipimo chembamba cha bapa nyuma ya kikombe. Kikipenya, kikombe hakijakaa, na baada ya kilomita mia mbili kitakaa chenyewe huku mkazo wako wote ukipotea.

Grisi ipakwe kwa mkono, isukumwe kutoka upande mpana wa koni mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola zote. Tundu la habu usilijaze lote. Grisi ikizidi inachemka na kusukuma sili nje. Usichanganye grisi ya aina moja na nyingine bila kusafisha kabisa, maana zipo zinazokataana na kugeuka uji. Na ukisafisha beringi kwa upepo wa kompresa, usiizungushe kwa upepo huo. Inazunguka kavu kwa kasi kubwa, na uso wake unachubuka kabla haijaona barabara.

Hapa ndipo napenda tukae zaidi: kukaza nati. Desturi ya gereji nyingi ni tindo na nyundo pembezoni mwa nati, kisha gurudumu linatikiswa, kisha fundi anasema "tayari". Nati ile ina soketi yake ya milimita 54, na mtengenezaji ameweka utaratibu. Kwa familia hii ya Land Cruiser, nati ya kurekebishia hukazwa kwanza kwa nyutoni-mita 59, habu ikazungushwa huku na huku mara kadhaa ili rola zijipange. Kisha nati inalegezwa mpaka izunguke kwa mkono, na inakazwa tena kwa nyutoni-mita 5.4 tu. Angalieni tofauti hiyo: mkazo wa mwisho ni chini ya sehemu ya kumi ya ule wa kwanza. Anayeacha nati kwenye mkazo wa kwanza ameunguza beringi mpya kwa mikono yake.

Halafu inapimwa. Pedi za breki zikiwa zimetolewa, nasa mizani ya springi kwenye stadi ya gurudumu, vuta polepole, soma kilo pale habu inapoanza kuzunguka. Kipimo kinachotakiwa, ukiondoa ukinzani wa sili, ni takriban kilo 2.8 hadi 5.7. Ukishafunga washa na nati ya pili kwa nyutoni-mita 64, pima tena, maana nati ya pili inasukuma ya kwanza. Ndipo ukunje masikio ya washa, moja kuelekea nati ya ndani na jingine kuelekea ya nje. Gari la toleo jingine lina vipimo vyake, na kitabu cha gari lililo mbele yako kinatangulia maneno yangu.

Magari madogo ya abiria, Noah na Corolla zinazojaa njia za Ngaramtoni na Usa River, yana beringi ya gololi safu mbili iliyofungwa na grisi yake tangu kiwandani. Hapa hakuna kurekebisha mkazo, lakini makosa ya kufunga ni mabaya zaidi. Kanuni ni moja: sukuma pete inayobana. Unapoingiza beringi kwenye nyumba yake, nguvu ipite pete ya nje. Unapoingiza habu kwenye beringi, pete ya ndani ishikiliwe kwa chini. Nguvu ikipita kwenye gololi, kila gololi inaacha shimo dogo kwenye njia yake, na gari linatoka gereji likiwa na mvumo ambao utakua kila wiki. Nati ya shafti ikazwe kwa kipimo, ambacho kwa Corolla nyingi ni nyutoni-mita 216, na gari lisiwekwe chini wala kusukumwa kabla nati hiyo haijakazwa, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia pete mbili za ndani pamoja. Kwenye gari lenye breki za ABS, upande mmoja wa beringi una pete ya sumaku inayosomwa na sensa. Ukiifunga kinyume, taa ya dashibodi haitazimika.

Kuna jambo la Arusha hasa. Hapa tunarefusha chesisi, tunainua paa, tunachomelea viti na matangi. Fundi wa kuchomelea akibana kebo ya ardhi kwenye gurudumu au upande wa pili wa gari, umeme unaweza kupita ndani ya beringi na kuunguza vijishimo kwenye rola. Kebo ya ardhi ibanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Vilevile rimu zilizotokeza nje na vipande vya kupanulia gurudumu, vinavyofungwa ili gari lipendeze, vinahamisha uzito mbali na beringi na kuigeuza iwe inapindwa badala ya kubebeshwa. Mteja aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Gari likija na mlio, fundi asikimbilie kufungua. Sikiliza kwanza barabarani: mvumo ukizidi gari linapokata kushoto, shuku gurudumu la kulia, kwa kuwa ndilo linaloelemewa. Piga jeki, tikisa gurudumu juu na chini huku mwenzako akikanyaga breki. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi. Ukibaki, tafuta boljointi au kingpini.

Na beringi iliyokufa isitupwe. Ikate, ioshe, isome. Mashimo yaliyopangika kwa umbali wa gololi ni alama ya nyundo au nguvu iliyopita pasipostahili. Rangi ya bluu au kahawia ni joto, nati ilikazwa mno au grisi ilikosekana. Njia iliyolika upande mmoja ni kikombe kilichokaa vibaya. Mistari ya kutu iliyoachana sawasawa ni maji, gari lililala na maji ndani. Uso wa kijivu usiong'aa ni vumbi, na hapo ndipo tunaweza kuilaumu barabara kwa haki. Chuo cha Ufundi Arusha kimefundisha mafundi tangu 1978, na shirika la TEMDO lipo mjini hapa kwa ajili ya kubuni mitambo. Ningependa wakufunzi wa chuo hicho na wabunifu wa TEMDO waombwe kutengeneza bomba za kusukumia beringi za saizi zetu, na wanafunzi wasome beringi zilizokufa kutoka gereji za Unga Limited na Sakina, badala ya michoro pekee.

Kwenu wenye gereji nina ombi moja. Kabla msimu wa Juni haujafika, nunueni soketi ya milimita 54, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na mizani ya springi. Andikeni kipimo cha kila habu kwenye kadi ya gari, na fundi aliyefunga aweke saini yake.