Kitabu cha Akiba na Jina la Mwenyewe



Katika nyumba nyingi za Upare, tangu Same mjini hadi Gonja, Mbaga, Chome na Vudee, limo sanduku ambalo halifunguliwi ovyo. Ndani yake mmehifadhiwa vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi, karatasi za mauzo ya kahawa, na pengine kitabu kidogo cha akiba cha Posta kilichofunguliwa kwa jina la mtoto. Mtoto huyo leo ana mvi. Siku moja hukitoa kitabu, akakifuta vumbi, akateremka nacho mjini. Swali analokutana nalo dirishani si kiasi gani kimo humo. Huulizwa kama yeye ndiye huyo aliyeandikwa.

Si swali la dharau. Akiba ni mali ya mtu, na mtumishi anayemkabidhi mtu mwingine amemwibia mwenyewe hata kama hakuweka senti mfukoni. Shida ni kwamba katika milima hii swali hilo fupi lina majibu mengi, na yote huwa ya kweli.

Achukuliwe mtoto wa mfano tu. Amezaliwa Mbaga, akaitwa Kajiru, jina la babu yake. Baba yake ni Mbonea. Mwaka 1968 baba anauza kahawa, anafungua kitabu cha akiba kwa jina la Kajiru Mbonea. Baada ya miaka michache mtoto anabatizwa na kuitwa Elia, na cheti chake cha darasa la saba kinasema Elia Mbonea. Anapoajiriwa Tanga anatakiwa jina la tatu, naye anataja la ukoo: Mmbaga. Karani asiyeijua lugha ya Kipare anaona herufi mbili za m ni kosa la kalamu, anaifuta moja, na mtu anageuka kuwa kijiji. Elia Mbonea Mbaga ndiye anayestaafu. Kajiru Mbonea ndiye mwenye fedha. Na kwa kuwa wajukuu wengi hurithi jina la babu, huenda yuko Kajiru mwingine katika ukoo huohuo, mtoto wa baba mdogo, naye ni mtu wa haki kabisa.

Benki yenyewe nayo haikubaki na jina moja. Ilianza mwaka 1925 kama Benki ya Akiba ya Posta ya Tanganyika, ikiwa chini ya idara ya Posta. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1991 ya kuunda Benki ya Posta Tanzania, ambayo ikaanza kazi peke yake mwaka uliofuata. Mwaka 2021 ikaitwa Benki ya Biashara Tanzania. Benki ilipobadili jina ilikuwa na sheria na hati za kuthibitisha kwamba ni ileile. Kajiru alipobadilika kuwa Elia alikuwa na padri au mchungaji, mama yake na majirani.

Zamani hao walitosha. Mtu mzima akiulizwa njiani alionyesha stakabadhi ya kodi, karatasi ambayo Wapare wana sababu ya kuikumbuka, maana ni kodi iliyowateremsha kwa maelfu hadi Same mwaka 1945 katika upinzani wa mbiru. Baadaye ikaja barua ya balozi wa nyumba kumi, ambaye alimjua mtu na baba yake na shamba lao. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama, na utambulisho wa kiserikali hutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisa mtendaji. Hawa aghalabu ni vijana kuliko kitabu wanachoombwa kukitolea ushahidi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kingemaliza ubishi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo imekuwapo tangu 1920, lakini kwa miaka mingi haikupanda milima. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania 100, kama 13 tu walikuwa na cheti hicho. Mzee anaweza kuandikishwa kwa kuchelewa, na anaweza kula kiapo cha majina mbele ya hakimu au wakili. Kwa hiyo njia ipo. Ila ni nauli, ada, na siku mbili tatu za kulala kwa jamaa mjini.

Na kwa fedha gani? Shilingi 20 mwaka 1970 zilikaribia dola 3 za Marekani. Zikiongezwa faida ya asilimia 3 kila mwaka kwa miaka 50, hazifiki shilingi 100, na leo shilingi 100 hazimteremshi mtu hata kona moja ya barabara ya mlimani. Mwenye kuteremka na kitabu hicho anajua hesabu hiyo. Kilichomo ni kahawa ya baba yake na nia ya baba yake, na kuambiwa kwamba aliyewekewa si yeye ni jambo zito kuliko kukosa shilingi 100.

Tena swali lilelile linamngoja kwenye malipo ya uzeeni, kwenye mirathi na kwenye hisa za ushirika. Huko hesabu si ya shilingi 100. Herufi moja ya m inaweza kumfanya mjane wa mstaafu azungushwe kati ya ofisi mwaka mzima.

Wapo wanaosema alama za vidole zimemaliza tatizo. Ni kweli kwamba mistari ya kidole hukaa na mtu tangu tumboni hadi kaburini. Lakini mkulima wa tangawizi wa Mamba aliyeshika jembe kwa miaka 50 huenda akabonyeza mashine mara tatu isimwone. Na kidole humthibitisha Elia wa leo. Hakisemi kwamba Elia aliitwa Kajiru, kwa kuwa jambo hilo linajulikana tu kwa maandishi ya wakati ule au kwa mtu aliyekuwapo.

Hapo ndipo kazi ya mtumishi inapoanza. Mzee akifika na cheti cha ubatizo, cheti cha shule, kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji, karatasi hizo zisomwe kwa pamoja, kila moja ikishika mkia wa nyingine, badala ya kukataliwa moja moja kwa kuwa hazifanani. Akikosa kitu, aambiwe yote anayokosa siku hiyohiyo kabla hajapanda gari kurudi mlimani.

Walimu nao wanaandika majina kila Januari. Mtoto wa darasa la kwanza aulizwe jina la nyumbani pia, mzazi aangalie herufi kabla wino haujakauka. Na yale madaftari makubwa ya uandikishaji ya miaka ya 1960, ambayo katika shule nyingine yamewekwa chini ya kabati pamoja na majembe, yanapasa kuinuliwa sakafuni kabla ya mvua za vuli, maana mchwa hawamsubiri mzee wa watu ashuke.