Habari za Siasa: Nani Asemaye, na Ameitoa Wapi?

Hotuba ya afisa wa mawasiliano ya umma wa kaunti kwenye kikao cha elimu ya uraia katika ukumbi wa wadi. Imefupishwa kidogo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu habari za siasa na namna ya kujua ipi ya kuaminiwa. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na nikitazama simu za watu naona kampeni zilishaanza zamani.

Nianze na jambo ambalo wengi hapa mnalikumbuka. Tarehe 30 Desemba 2007, muda mfupi baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na runinga. Je, watu waliacha kutafuta habari? Hawakuacha. Waliingia kwenye jumbe za simu, zile SMS za shilingi chache, na kila mmoja akampelekea mwenzake alichosikia. Nyingine zilikuwa za uchochezi wa kikabila. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba zaidi ya watu 1,100 walifariki katika ghasia zile, na ikazitaja pia baadhi ya redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea chuki. Kwa hiyo ninapozungumza habari za kuaminika, sizungumzii anasa ya watu wa mjini wenye magazeti mawili mezani. Nazungumzia usalama wa jirani yako.

Sasa, kuna methali tunayoipenda sana: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi msimu wa siasa methali hii huniudhi. Mtu anaitoa kama ushahidi! Anasema fulani ameiba, ukimuuliza umejuaje, anakujibu lisemwalo lipo. Yako mambo mengi yaliyosemwa nchi hii ambayo hayakuwepo na hayakuja.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, zilisambaa video zenye nembo na rangi za BBC na CNN, zikitaja matokeo ya kura za maoni ya urais. Mashirika yote mawili yakajitokeza kusema video hizo si zao. Aliyezitengeneza alijua kwamba Mkenya akiona nembo ya nje hana maswali zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa kurasa za mbele za magazeti. Mtu hukaa na kompyuta, akachukua sura ya gazeti la leo, akabadilisha kichwa cha habari. Dawa yake si ngumu: fungua ukurasa wa gazeti lenyewe, au nenda kibandani au hotelini kwa mwenye nakala, ulinganishe. Kama hakuna aliye na nakala, basi usitume mbele. Na kama video inatiliwa shaka nchi nzima, Africa Check na PesaCheck huwa wanaichunguza na kuandika walichokipata.

Lakini uongo wa wazi ndio rahisi kuukamata. Kigumu ni habari ya kweli iliyoegemea upande. Chukueni Agosti 2022. Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliweka Fomu 34A kwenye tovuti yake, fomu za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, kila mtu aone. Vituo vya runinga vikaanza kujumlisha vyenyewe. Mnakumbuka kilichofuata? Runinga moja ilimwonyesha Raila Odinga yuko mbele, ukibadilisha chaneli unamkuta William Ruto yuko mbele, wakati uo huo, usiku uo huo. Watu wakasema runinga zimenunuliwa. Kila kambi ikachagua chaneli yake ikabaki hapo.

Ukweli ulikuwa wa kuchosha kuliko hivyo. Fomu zilikuwa maelfu kwa maelfu, na kila chumba cha habari kiliziingiza kwa mkono kwa mpangilio wake. Aliyeanza na fomu za Bonde la Ufa alikuwa na jumla moja, aliyeanza na za Nyanza au Pwani alikuwa na nyingine. Namba zote zingeweza kuwa sahihi na zikatofautiana, kwa sababu hazikuwa jumla ya vituo vile vile. Lawama ninayowapa wenzangu wanahabari ni moja tu: namba kubwa zilijaa kwenye kioo, lakini maelezo ya fomu hizo zimetoka wapi na ni ngapi kati ya zote yalikuwa madogo mno. Baadaye vituo vingi vikapunguza mwendo au vikaacha kabisa, na watu wakazidi kushuku. Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume akatangaza kura 7,176,141 kwa Ruto na 6,942,930 kwa Odinga, makamishna wanne wakajitenga na matokeo hayo, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayaidhinisha.

Mwaka 2027 fanyeni hivi. Fomu 34A ya kituo chako hubandikwa pale pale kituoni baada ya kura kuhesabiwa. Nenda uisome, ipige picha. Kisha uitafute kwenye tovuti ya tume uone kama namba ni zile zile. Hiyo ni habari ambayo hukuletewa na mtu. Na runinga ikikuonyesha mgombea anaongoza, swali la kwanza liwe: ni vituo vingapi, na vya wapi?

Mtaniuliza, basi chombo gani hakina upande? Sitawatajia. Nitawaambia mjue mwenye mali. Citizen na redio kama Inooro na Ramogi ni za Royal Media Services ya S. K. Macharia. Kampuni ya Standard imehusishwa kwa miaka mingi na familia ya hayati Rais Moi, na Mediamax, yenye K24 na Kameme, na familia ya Kenyatta. KBC ni ya serikali, ingawa Katiba, Kifungu cha 34, inataka vyombo vya serikali visipendelee na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Juu ya hayo kuna matangazo ya biashara: serikali ya kitaifa na kaunti ni wateja wakubwa, na mteja mkubwa husikilizwa. Na huko mashinani kuna kile kibahasha anachopewa mwanahabari baada ya mkutano. Wengine hukiita nauli. Hata mtu awe mwadilifu, ni vigumu kumchoma aliyekulipia nauli ya kurudi nyumbani.

Kujua mwenye mali si sababu ya kuzima redio. Chombo chenye upande hutoa habari nyingi za kweli. Ila ukishajua, unasikiliza kwa sikio jingine, na habari kubwa unaitafuta mahali pawili ambapo wenyewe hawapatani. Kile wanachokubaliana wote wawili, mara nyingi kimetokea. Pale wanapotofautiana ndipo pa kuchimba.

Tenganisheni pia habari na maoni. Gazetini kuna kurasa za habari na kuna safu na tahariri. Mwenye safu ana haki ya kuegemea, ndiyo kazi yake. Redioni mpaka huu umefutika: mtangazaji wa asubuhi anasoma taarifa, kisha anacheka, anatia chumvi, anapokea simu, na mchana mtu anasema "nilisikia kwenye habari." Hukusikia kwenye habari, ulisikia mazungumzo.

Nije kwetu. Jarida hili mtakalosomea maneno haya hutolewa na serikali ya kaunti. Nalipenda na nalifanyia kazi, lakini msilitegemee peke yake. Litawaonyesha gavana akizindua zahanati. Halitakuwa la kwanza kuwaambia kwamba zahanati haina dawa. Kwa habari ya pesa zenu, someni ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotolewa kila robo ya mwaka wa fedha na zinazoonyesha kila kaunti ilipokea nini na ikatumia nini, na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Zote ziko kwenye intaneti bila malipo. Zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, ni kweli, ila jedwali la namba halihitaji shahada. Mwalimu mmoja au mwanafunzi mmoja katika kila kijiji anaweza kuwasomea wengine. Mwanasiasa akisema kaunti haijaletewa pesa, au akisema barabara imelipiwa, jibu mara nyingi liko humo.

Na kama haliko, Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kuomba. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia. Si lazima useme unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 kujibu, na saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kuomba hakulipishwi. Gharama inayoruhusiwa ni ya kutoa nakala tu. Ukinyimwa, una siku 30 kupeleka jambo hilo kwa Tume ya Haki za Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Na kama kosa ni la gazeti au redio, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya malalamishi.

Fomu za maombi zimewekwa pale mlangoni, na wasaidizi wawili wako hapo kwa ajili ya atakayetaka kuandikiwa. Mama wa kwanza kule nyuma, naona mkono umekuwa juu tangu nilipotaja zahanati. Karibu, swali lako.