Neno Litokalo Skuli
Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazee wa mitaa, Pemba



Nimeombwa niseme juu ya kazi ambayo kwetu haina hata jina. Ni kazi ya kuchukua habari za skuli na kuzifikisha kwa wazazi, na kuchukua habari za wazazi na kuzirudisha skuli. Huko Marekani watu wa kazi hii wana chama chao, kilichoanzishwa mwaka wa 1935, nao hukutana kila mwaka wakashauriana. Sisi Pemba mtu wa namna hiyo hatunaye. Mwenye kazi hiyo kwetu ni mtoto wa miaka minane. Amepewa karatasi, ameikunja mara nne, ameitia mfukoni pamoja na embe bichi na chumvi, na akifika nyumbani huenda akaikumbuka, huenda asiikumbuke. Simcheki mtoto huyo. Nataka tuanze kwa kumtazama yeye, kwa kuwa ndiye tarishi wetu, nasi tumemtwika mzigo ambao sisi wakubwa tungaliuogopa.

Misheni yetu haikuanza jana kuifikiri kazi hii. Katika mwaka wa 1888 wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walianza kupiga chapa gazeti lao, jina lake Msimulizi. Gazeti lile lilikusanya habari za vituo vya misheni, vya Unguja na vya bara, likazipeleka kwa vituo vingine, hata mtu wa Magila akajua mambo ya wenzake wa Nyasa. Ninalolipenda ni hili, kwamba kalamu walishika wanafunzi wenyewe. Hawakungoja mkubwa awaandikie habari zao.

Tena katika mwaka wa 1927 Idara ya Elimu ya Unguja ilianza gazeti la walimu, likaitwa Mazungumzo ya Walimu. Litazameni jina hilo. Hawakuliita Matangazo ya Walimu. Tangazo mtu mmoja hulisema, na wengine hunyamaza. Bali mazungumzo hayawi mpaka wa pili naye amefungua kinywa. Mimi nilipokuwa kijana katika ualimu sikuijua tofauti hiyo, nami nitawaambieni jinsi nilivyofundishwa.

Lakini kwanza tukumbuke mahali tulipo. Wazee wetu wa misheni walifanya kazi Wete, na Marafiki, waitwao Quaker, walikuja kisiwani mwaka wa 1897, mwaka ule ule ambao utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja na Pemba, wakakaa Banani karibu na Chake Chake. Walifundisha watoto wa watu waliotoka utumwani, na majirani wakitazama kwa mbali. Majirani wale waliuliza: je, mtoto wetu akiingia humo, atatoka na dini gani? Swali lile halikuwa la ujinga. Lilikuwa swali la mzazi ampendaye mwanawe, na yeyote katika sisi angaliuliza vivyo hivyo. Kisha, tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo. Tangu hapo watoto wetu wengi hukaa dawati moja na watoto wa jirani katika skuli za serikali, na walimu wetu Wakristo hufundisha humo. Katika kisiwa chenye watu zaidi ya laki tano sisi ni wachache mno. Basi neno la mwalimu Mkristo huingia nyumba nyingi zisizo zetu, na huko hupokewa au hukataliwa kwa kadiri watu wanavyomwamini.

Sasa nisimulie kosa langu.

Nalifundisha zamani katika skuli moja ambayo sitaitaja. Tuliletewa agizo kwamba watoto watapewa dawa ya kichocho. Mwalimu Mkuu akanipa mimi kazi ya kuandika barua kwa wazazi, kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa, nami nikafurahi. Nikaandika hivi: “Wazazi mnaarifiwa kuwa siku ya Jumatano zoezi la umezaji wa dawa litatekelezwa. Mwanafunzi atakayekosa kuhudhuria atachukuliwa hatua.” Nikaona ni maneno mazuri, yenye heshima ya serikali. Sikuandika dawa ni ya nini. Sikuandika imetoka wapi. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, sikuandika kwamba mtoto ale kwanza, ashibe, ndipo ameze.

Jumatano watoto wakaja. Wengi walikuwa hawajatia kitu kinywani. Wakasimamishwa mmoja mmoja kwenye mti wa kupimia kimo, ambao huonyesha mtoto wa urefu huu ameze vidonge vingapi, wakameza. Dawa ile huweza kumtia mtoto kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, zaidi akiwa na wadudu wengi mwilini au akiwa na njaa, nayo hupita. Walimu tulilijua hilo. Wazazi hawakulijua. Watoto kadha wakatapika chini ya mwembe, wengine wakalala majanini wakilia. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imevuka hori, na ng'ambo ilifika hivi: watoto wawili wamekwisha kufa. Mama zao wakaja mbio, wengine peku, mmoja ana unga wa muhogo mikononi hata viwikoni. Hakufa mtu. Lakini kesho yake darasani kwangu hata nusu ya watoto hawakufika.

Jambo kama hili halikutupata sisi peke yetu. Katika mwaka wa 2008, Morogoro, watoto walipopewa dawa hiyo hiyo skulini, uvumi ulienea kwamba watoto wamekufa, wazazi wakazivamia skuli, hata askari wa polisi wakaitwa. Wapo wasemao kwamba watu wale walikuwa wajinga wa mambo ya dawa. Mimi siwaiti wajinga. Mtu asiyepewa habari hujitungia habari, na mtu aliyeogopa hutunga habari ya kutisha.

Nalikwenda kumtazama yule mama wa unga wa muhogo, nikidhani nitamweleza. Akanikaribisha, akanipa kiti, akakaa kimya. Kisha akasema, “Maalim, karatasi yako imeingia nyumbani kwangu bila ya hodi.” Nikamwuliza maana yake. Akasema, “Wewe ukija hapa hubisha hodi, ukaniamkia, ukauliza hali ya mgonjwa wangu, ndipo ukasema shida yako. Karatasi yako haikuniamkia. Imenitishia mwanangu, ikanyamaza. Tena mimi sisomi. Aliyenisomea ni yeye huyo mtoto, naye alisoma lile la kutishwa tu.”

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote katika kazi hii. Mengine niliyoyasoma baadaye yalikuwa kama kuyapigia mstari.

Hatukupeleka karatasi ya pili. Mwalimu Mkuu alinichukua mimi pamoja naye kwa sheha, na sheha akatuchukua kwa maalim wa chuo, mzee ambaye watoto wetu hao hao humwendea jioni kusoma Kurani. Tukakaa barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Sheha akawaambia wazazi waseme wao kwanza. Wakasema kwa muda mrefu, na si yote yalikuwa ya dawa: mmoja alisema juu ya michango asiyojua imekwenda wapi, mwingine juu ya mwanawe aliyepigwa. Nalitaka kujibu kila neno, lakini Mwalimu Mkuu akanifinya mkono. Mwisho baba mmoja akauliza, “Na mbona nyinyi walimu hammezi?” Swali hilo lilikuwa la haki. Tukajibu, kisha tukasema waziwazi: hatukuwaambia mlishe watoto, nalo ni kosa letu, wala si lenu wala la dawa. Mara iliyofuata mama wakaleta muhogo wa kuchemsha na uji, na yule maalim wa chuo akasimama karibu na mti wa kupimia, mjukuu wake akiwa wa kwanza.

Ninyi mnaofundisha sayansi mwajua kwamba dawa peke yake haitoshi. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo. Yakiangukia majini wadudu wake huingia katika konokono wa maji, kisha hutoka humo wakatoboa ngozi ya mtu aogaye au afuaye. Mtoto aliyepona leo akirudi mtoni kesho, akakojoa humo na kuoga humo, kazi imeanza upya. Ndiyo maana neno la skuli lina kazi hapa isiyofanywa na kidonge. Kati ya mwaka wa 2011 na 2017 ulifanywa Unguja na Pemba utafiti mkubwa wa kuutokomeza ugonjwa huu, shehia 45 katika kila kisiwa, na hapa Pemba tunayo Maabara ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Chake Chake mwaka wa 2000. Katika shehia hizo zote watu walipewa dawa. Penginepo konokono waliuawa pia. Na penginepo waliongezewa mafundisho. Huko kwenye mafundisho walimu wa skuli na walimu wa chuo wote wawili walifunzwa, watoto wakapewa michezo ya kucheza mbali na maji yenye hatari, na mahali pa kufulia nguo pakajengwa. Ugonjwa ulipungua sana, ingawa haukwisha. Mimi nayapenda mafundisho yale kwa jambo moja dogo: hayakumwambia mama asifue tu. Yalimwonyesha mahali pa kufulia.

Sasa machache juu ya desturi zetu wenyewe.

Twaita mikutano ya wazazi wakati wa karafuu, kisha twanung'unika kwamba hawaji. Watu wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, na usiku wanachambua, na mvua ikitishia karafuu iko juani hapana mkutano duniani utakaomtoa mtu kwenye jamvi lake. Mwalimu ayajue majira ya mtaa wake, na mwezi wa Ramadhani, na siku ya Ijumaa, kama ajuavyo majira ya mitihani.

Lugha yetu pia ni nzito. Katika kitabu cha Nehemia twasoma jinsi Ezra alivyosimama juu ya jukwaa la mti akasoma mbele ya watu wote. Lakini haikuishia hapo, maana Walawi walikwenda kati ya watu wakawaeleza maana, hata wakafahamu. Sisi twapanda jukwaani, Walawi hatuna. Barua yenye neno “kutekelezwa” yahitaji Mlawi wake.

Siku hizi iko simu. Mitaa mingi ina kundi la wazazi katika WhatsApp, nami nashukuru, maana habari ya mvua kubwa au ya mtoto mgonjwa hufika mara moja. Walakini tuangalie simu ile ni ya nani. Mara nyingi ni ya baba, naye yuko Unguja au Dar es Salaam. Mtoto analelewa na bibi yake Kojani au Micheweni, asiye na simu ya namna hiyo. Tumemjibu asiyeuliza, tukamwacha aliye na mtoto. Na ikiwa hapana budi kutumia simu, semeni kwa sauti badala ya kuandika, ili bibi naye asikie jirani akimfungulia.

Jambo la picha linanikera, nitalisema hata kama ni sikukuu ya yubile. Twapiga picha ya mtoto mwenye sare iliyochanika, twaipeleka kwa wageni ili watoe msaada. Mtoto huyo atakuwa mkubwa. Siku moja atafunua kitabu kama hiki chetu, ajione yuko uchi wa heshima mbele ya watu wote. Nani alimwomba ruhusa? Nani alimwomba mama yake? Wageni wakitaka kujua hali yetu, waambieni paa linavuja, na vyoo ni vingapi kwa watoto wangapi. Paa halioni haya.

Na habari mbaya zitangulie. Fedha zikipotea, mwalimu akikosa, matokeo ya mitihani yakiwa mabaya, skuli iseme yenyewe siku ile ile. Najua tunaogopa. Mimi nimeogopa mara nyingi, na mara mbili nalinyamaza, na mara zote mbili sokoni walikwisha kujua kabla sijamaliza kunyamaza.

Sitaongeza. Baada ya chakula tutakaa wawili wawili, mwalimu mmoja na mama mmoja wa mtaa. Kila mwalimu amekuja na barua moja aliyowahi kupeleka kwa wazazi; aisome kwa sauti, na mama amwambie alichosikia, si kile kilichoandikwa. Kisha waiandike upya pamoja. Mimi nimeileta ile yangu ya kichocho, ingali mfukoni, imekunjwa mara nne. Karatasi na penseli mtazipata kwa katibu, pale mlangoni.