Kununua na Kuuza Fedha za Kigeni: Maneno kwa Anayeanza

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliniambia kwamba vijana wengi wanauliza habari za biashara ya fedha za kigeni inayofanywa kwa simu. Kwa kuwa nilikuwa karani wa benki kwa miaka mingi, kwenye dirisha la fedha za kigeni, akaona mimi ndiye wa kujibu. Nimekubali, na ninayo sababu nyingine ambayo nitaieleza baadaye.

Tuanze na jambo la msingi. Ukiambiwa sokoni kwamba kilo ya mchele ni shilingi 3,000, hapo pana vitu viwili: mchele na shilingi. Fedha za kigeni ni vivyo hivyo. Hakuna bei ya dola peke yake. Kuna bei ya dola kwa shilingi, au bei ya yuro kwa dola. Ndiyo sababu fedha hizi huandikwa mbili mbili. Ukiona yuro na dola zimeandikwa pamoja, kisha 1.1000, maana yake yuro moja inanunuliwa kwa dola moja na senti kumi. Fedha inayotajwa kwanza ndiyo bidhaa, ya pili ndiyo malipo. Anayenunua yuro hapo, kwa tendo hilo hilo anauza dola.

Wazee wenzangu mnakumbuka mwaka 1986. Siku hizo bei ya dola ilipangwa na Serikali. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Katikati ya mwaka ikafika shilingi 40. Watu walisema dola imepanda. Ni kweli, lakini ndiyo kusema pia kwamba shilingi imeshuka. Dola ya kahawa iliyouzwa nje ilileta shilingi nyingi zaidi nchini, na aliyeagiza dawa kutoka nje alitoa shilingi nyingi zaidi. Badiliko lilikuwa moja, mmoja akacheka na mwingine akalia.

Tangu miaka ya 1990 bei ya shilingi yetu imeachiwa zaidi soko. Hupanda na kushuka kwa mambo mengi: mavuno tunayouza nje, mafuta tunayoagiza, riba zinazotolewa na benki za nchi kubwa, na hofu za wenye fedha. Soko la dunia ni kubwa mno. Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel, Uswisi, ilihesabu mwezi Aprili 2022 ikakuta fedha zinazouzwa na kununuliwa kwa siku moja ni za thamani ya dola trilioni 7.5. Katika kila biashara 100, dola ya Marekani ilikuwa upande mmoja katika 88. Kijana mwenye simu anaingia katika soko hilo hilo lenye mabenki makubwa.

Jambo la pili ni kwamba kila fedha ina bei mbili. Dirishani kwetu tulikuwa na bei ya kununua na bei ya kuuza, na tofauti yake ndiyo riziki ya benki. Dalali wa kwenye simu hufanya hivyo hivyo. Ukinunua na kuuza papo hapo, umekwisha kupata hasara kidogo.

Jambo la tatu ndilo linaloumiza watu, nalo ni mkopo wa dalali. Tuseme umeweka dhamana ya dola 110. Dalali anakuruhusu kushika mara 100 yake, yaani dola 11,000. Kwa bei ya 1.1000 unanunua yuro 10,000. Tarakimu ya nne baada ya nukta huitwa pipu, na kwa yuro 10,000 kila pipu ni dola moja. Bei ikishuka kutoka 1.1000 hadi 1.0890, hizo ni pipu 110. Yuro imeshuka asilimia moja tu, nawe dhamana yako yote imekwisha. Kushuka namna hiyo huweza kutokea kwa siku moja. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa sababu yangu. Mpwa wangu alinijia akasema, "Mjomba, ninajifunza kazi yako ya zamani." Nilifurahi sana, nikamsifu, wala sikumwuliza anatumia fedha gani. Alikuwa akitumia karo ya chuo niliyompa mwenyewe. Ilikwisha kwa siku tatu. Alificha kwa muhula mzima, akawa anaaga asubuhi kana kwamba anakwenda darasani. Aliyemwingiza katika biashara ile alikuwa akilipwa kwa kila mtu anayemleta. Mimi niliyejua hesabu zote nilizowaeleza hapa sikumweleza hata moja. Kosa hilo ni langu kuliko lake.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za watu wa kawaida, katika biashara za mkopo za namna hii, hupata hasara. Ikaweka kikomo cha mkopo kuwa mara 30 kwa fedha kubwa.

Vijana, sisemi msijifunze. Nchi yetu inahitaji watu wa kujua ni lini anayeagiza dawa apatane na benki bei ya dola mapema, na muuza kahawa ajilinde vipi. Jifunzeni kwa daftari na kalamu, andikeni bei kila siku kwa mwaka mzima. Anayetaka fedha zenu mwulizeni kibali chake, kisha kaulizeni wenyewe kwa mamlaka iliyokitoa. Na karo ni ya shule.

Ninyi wenzangu, kijana akija kuwaeleza habari hizi, msimsifu upesi kama nilivyofanya. Mwulizeni fedha ni ya nani.

Mpwa wangu amerudi chuoni.