Baada ya Sinema, Zungumza na Mtoto

Leo tuzungumze juu ya sinema fupi za mapenzi ambazo vijana wetu hutazama nyumbani kwa simu, kupitia intaneti.

Chukua mfano wa filamu iitwayo I'm Here, iliyotengenezwa na Spike Jonze wa Marekani mwaka 2010. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, ya muda wa nusu saa hivi. Katika jiji la Los Angeles, watu na roboti wanaishi pamoja. Roboti mmoja mpole, Sheldon, anafanya kazi maktaba. Anampenda roboti mwenzake, Francesca. Francesca anapopoteza mkono, Sheldon anamtolea wake. Akipoteza mguu, anampa mguu. Mwishowe Francesca anaumia vibaya, naye Sheldon anampa mwili wote. Anabaki kichwa tu, kimepakatwa na mpenzi wake.

Ni hadithi ya kutoa machozi. Lakini msichana wa miaka 15 anaweza kuondoka na fundisho hili: anayependa kweli hutoa kila kitu, hata mwili wake. Na wapo wanaomngojea kwa maneno hayo hayo: "Kama unanipenda, nionyeshe." Leo ni picha ya uchi kwa simu. Kesho ni kulala naye bila kinga. Keshokutwa ni mimba, au virusi vya ukimwi. Roboti hubadilishiwa kiungo. Mtoto wetu hana mwili wa akiba.

Je, mzazi ufanye nini? Kumnyang'anya simu hakutoshi, maana ataazima ya rafiki. Keti naye mtazame pamoja. Sinema ikiisha, usianze kuhubiri. Muulize: Sheldon aliombwa, au alitoa mwenyewe? Yeye alibaki na nini? Je, mtu anayekupenda atakuomba kitu cha kukuumiza? Kisha nyamaza, umsikilize. Wavulana nao waulizwe vivyo hivyo, na wafunzwe kwamba asiyetaka halazimishwi.

Huenda mtoto akakueleza kwamba tayari amelazimishwa. Usimpige wala usimlaumu. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla hajaoga. Dawa za PEP, za kuzuia virusi vya ukimwi, ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Kisha mripoti polisi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, mtu mzima anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 ametenda kosa, hata kama mtoto alikubali. Ukihitaji ushauri, piga simu nambari 116, bila malipo, mchana au usiku.

Mama, mtoto aliyezoea kuzungumza nawe juu ya sinema hatashindwa kukuambia yanayompata mwenyewe. Anza jioni ya leo. Kwaherini, na tuwalinde watoto wetu.